Herufi S kwenye karatasi ya damu

Miaka miwili iliyopita binti wa kaka yangu alikuja nyumbani kwangu Walukuba, hapa Jinja, na karatasi mbili za maabara zilizokunjwa mara nne. Moja ilikuwa yake, nyingine ya mchumba wake. Imamu aliyeombwa kuwafungisha ndoa alitaka wapime damu kwanza kuhusu selimundu, ugonjwa wa damu unaorithiwa, kama viongozi wengi wa misikiti na makanisa ya Uganda wanavyofanya siku hizi. Karatasi zote mbili zilikuwa na jibu moja: AS. Aliyewapa majibu aliwaambia wafikirie vizuri kabla ya kuoana, kisha akaita namba inayofuata.

"Shangazi, hii S ni kitu gani?" akaniuliza. "Na iko wapi mwilini mwangu?"

Kwetu shangazi, senga kama majirani zetu Wasoga na Waganda wanavyomwita, ndiye anayemwandaa binti kwa ndoa, na mimi nimefundisha baiolojia sekondari kwa miaka mingi. Kumjibu kulikuwa wajibu wangu mara mbili. Tena swali lake la pili lilinigusa zaidi ya la kwanza. Watu wengi huku wanazitaja AS na SS kama wanavyotaja kundi lao la damu, lakini wachache wameelezwa kwamba S ni kitu halisi, chenye umbo, uzito na chaji ya umeme. Haya ndiyo niliyomweleza, ingawa hapa nimeyarefusha kuliko jioni ile.

Tulianzia jikoni. Molekuli ya maji ina atomu 3. Ya glukosi, sukari inayozunguka kwenye damu, ina 24. Himoglobini, protini nyekundu inayobeba oksijeni, ina zaidi ya 9,000. Mwili haujengi kitu kikubwa hivyo kwa kurundika atomu ovyo. Molekuli kubwa za viumbe hai, karibu zote, ni minyororo: vipande vidogo vya aina chache vilivyounganishwa kimoja baada ya kingine. Ndizi mbichi ya matoke imejaa wanga, na wanga ni glukosi kwa maelfu zilizoshikana mikono. Zikiwa zimeshikana, ulimi hauonji utamu. Iache ndizi hiyo kwenye kona ya jiko siku kadhaa, na vimeng'enya vyake vyenyewe vitakata minyororo hadi sukari ijitokeze. Hakuna aliyeongeza sukari. Ilikuwamo tangu mwanzo, imefungwa.

Lakini wanga, wa matoke au wa posho (ugali), ni kipande cha aina moja kinachojirudia. Protini ni jambo jingine. Chukua tasbihi, kisha badala ya punje zinazofanana weka punje za aina 20. Hizo ndizo asidi amino. Nyingine zina chaji chanya, nyingine hasi, nyingine hupenda maji, nyingine huyakimbia kama mafuta yanavyoyakimbia. Tumbukiza mnyororo huo majini na utajikunja: zinazokimbia maji hujificha ndani, zinazoyapenda hubaki nje, chanya hutafuta hasi. Mpangilio uleule wa punje hujikunja kuwa umbo lilelile, na umbo ndilo linalofanya kazi. Simama kwa mkaanga chapati yeyote asubuhi umwangalie akipasua yai kwenye kikaango. Ute unageuka mweupe. Moto haukukata mnyororo hata mmoja. Umekunjua tu maumbo, na minyororo iliyokunjuka ikanasana. Ute hauwezi tena kurudi kuwa maji.

Mpangilio wenyewe wa punje umeandikwa kwenye DNA, molekuli kubwa ya aina nyingine, yenye herufi nne tu. Kila herufi tatu huita asidi amino moja.

Sasa himoglobini. Ya mtu mzima ina minyororo minne iliyokumbatiana: miwili ya alfa, kila mmoja wenye punje 141, na miwili ya beta, kila mmoja wenye punje 146. Jumla ni 574. Kila mnyororo umeshika kijisahani chenye atomu moja ya chuma, na juu ya chuma hicho ndipo oksijeni inapokaa. Seli moja nyekundu ya damu hubeba molekuli za namna hii karibu milioni 270. Ya kawaida inaitwa A. Inayoitwa S inatofautiana na A mahali pamoja tu: punje ya sita ya mnyororo wa beta. Maelekezo ya beta tunayapata mara mbili, mara moja kwa mama na mara moja kwa baba, ndiyo maana karatasi ina herufi mbili: mwenye AS anabeba S moja tu, mwenye SS ndiye mgonjwa.

Nilidhani nimemaliza. Binti akaniangalia.

"Nani aliyehesabu hadi sita?"

Hilo ndilo swali ambalo vitabu vyetu vya shule hulipita mbio, na ndilo linalostahili jioni nzima.

Ukweli ni kwamba hakuna aliyeiona punje hiyo kwa jicho. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago aliandika habari za kijana kutoka kisiwa cha Grenada aliyekuwa mgonjwa wa upungufu wa damu. Chini ya hadubini, baadhi ya seli zake nyekundu zilikuwa zimejipinda kama mundu. Hapo ndipo jina selimundu linapotoka. Seli huonekana kwa hadubini ya kawaida kwa sababu ina upana wa maikromita 7 au 8. Himoglobini ina upana wa nanomita 5 au 6, yaani ukipanga molekuli milioni moja mstarini utapata kama nusu sentimita. Mawimbi ya mwanga tunaouona ni ya nanomita 400 hadi 700. Kutafuta molekuli kwa mwanga huo ni kutafuta punje ya mtama kwa kupapasa na mto wa kulalia. Usafi wa lenzi hausaidii kitu. Chombo chenyewe ni kikubwa kuliko kinachotafutwa.

Kwa hiyo wanasayansi waliacha kuiangalia na wakaanza kuiuliza maswali. Swali la kwanza lilikuwa la umeme. Mwaka 1949 Linus Pauling, Harvey Itano na wenzao huko California walichukua himoglobini ya watu wazima wasio na selimundu, ya wagonjwa, na ya wale wanaobeba tabia hiyo bila kuugua. Waliziweka kwenye kimiminika chenye umeme na kuangalia zinavyosafiri. Protini yenye chaji hasi zaidi hukimbilia upande chanya kwa kasi zaidi. Himoglobini ya wagonjwa haikusafiri sawa na ya wengine. Na ya wabebaji, watu wa AS kama mpwa wangu, iligawanyika: sehemu ilikwenda kama A, sehemu kama S. Kwa mara ya kwanza ugonjwa ulionyeshwa kuwa ni kasoro ya molekuli moja inayoweza kutajwa kwa jina. Njia hiyo inaitwa elektroforesi, na hadi leo, ikifanyiwa kwenye jeli au kwenye karatasi maalumu, ndiyo inayotoa majibu mengi ya AS na SS katika maabara zetu.

Mwaka huohuo wa 1949, na hili husahaulika sana, Hermann Lehmann aliyekuwa akifanya kazi Makerere na A. B. Raper wa hospitali ya Mulago, Kampala, walichapisha matokeo ya kupima damu za watu wa makabila mbalimbali ya Uganda. Hawakuwa na mashine ya California. Kipimo chao kilikuwa rahisi: unafunika tone la damu chini ya kioo lisipate hewa, unasubiri seli zitumie oksijeni iliyobaki, kisha unatazama kama zinajipinda. Walikuta tofauti kubwa ajabu kutoka kabila hadi kabila. Kwa wengine, wenye seli za kujipinda walikuwa wachache mno. Kwa Baamba wa Bundibugyo, chini ya milima ya Rwenzori, walikuwa karibu watu 45 kwa kila 100. Damu ya nchi hii ilikuwa sehemu ya elimu hii tangu mwanzo, na sioni kwa nini mtoto wa Bundibugyo asome kisa cha Chicago na California bila kukutana na ukurasa wa kwao.

Umeme ulisema kuna tofauti ya chaji. Haukusema iko kwenye punje ipi kati ya 574. Aliyeikaribia zaidi ni Vernon Ingram, huko Cambridge, mwaka 1956. Alifanya ninachokiona kama moja ya kazi nzuri zaidi za mikono katika sayansi ya karne iliyopita. Alichukua tripsini, kimeng'enya ambacho hukata protini baada ya punje za aina mbili tu, akakatakata himoglobini A na himoglobini S. Kila moja ikatoa vipande karibu 30. Alidondosha mchanganyiko kwenye kona ya karatasi, akavutisha kwa umeme kwenda upande mmoja, kisha akaacha kimiminika kienee kwenye karatasi kwenda upande wa pili. Alipopaka dawa ya rangi, kila kipande kikawa doa mahali pake. Akaweka karatasi mbili kando kwa kando. Madoa yote yalilingana isipokuwa moja.

Moja! Akalichukua doa hilo, akalikata zaidi, na mwaka uliofuata akalijua: palipokuwa na asidi glutamiki kwenye A, kwenye S pana valini. Asidi glutamiki ina chaji hasi, valini haina chaji yoyote, na hiyo ndiyo tofauti ambayo umeme wa Pauling uliinusa. Miaka michache baadaye mnyororo mzima wa beta uliposomwa punje kwa punje, ile iliyobadilika ikapata namba yake, ya sita. Kwenye DNA kosa ni herufi moja: GAG imekuwa GTG.

"Sasa umepata aliyehesabu," nikamwambia. Akataka kujua kwa nini punje moja iumize mtu mzima. Kwa hilo ilibidi kujua umbo.

Hapo ndipo palipochukua miaka mingi zaidi. Max Perutz alianza kuchunguza fuwele za himoglobini mwaka 1937 na akapata umbo lake mwaka 1959, kwa himoglobini ya farasi. Fuwele ni molekuli zilizojipanga safu kwa safu kama matofali kwenye tanuri. Miale ya eksirei ina mawimbi madogo, yanayokaribiana na ukubwa wa atomu moja, kwa hiyo inafaa pale mwanga uliposhindwa, lakini hakuna lenzi ya kuikusanya miale hiyo iwe picha ya molekuli. Unachopata ni madoa kwenye filamu, mamia na maelfu. Nilimpeleka binti hadi gati la Masese siku iliyofuata nimwonyeshe. Mawimbi ya ziwa yakija kwenye safu ya nguzo hutawanyika, yanakutana upande wa pili, pengine yanaongezana, pengine yanauana. Fikiria umefungwa macho usizione nguzo, umepewa tu ramani ya mawimbi yaliyotoka, ukaambiwa: nguzo ziko wapi?

Tena ramani yenyewe ina upungufu mkubwa. Filamu inakwambia kila wimbi lilikuwa na nguvu kiasi gani, haikwambii lilifika lini, kama lilikuwa linapanda au linashuka. Bila hilo huwezi kurudi nyuma hadi kwenye nguzo. Perutz alikwama hapo hadi mwaka 1953, alipofaulu kushikiza atomu za zebaki kwenye himoglobini bila kuharibu fuwele. Zebaki ni nzito, hutawanya miale kwa nguvu. Ni kama kusimika nguzo moja nene mahali maalumu na kuangalia ramani inabadilikaje. Kutokana na badiliko hilo unakokotoa kilichokosekana. Yeye na John Kendrew, aliyepata umbo la mayoglobini, protini ndugu iliyomo kwenye misuli, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1962.

Umbo lilipojulikana, maumivu ya selimundu yakaeleweka. Punje ya sita iko nje, juu ya ngozi ya molekuli kana kwamba. Asidi glutamiki ikikaa hapo haina tatizo, inapenda maji. Valini ni ya jamii ya mafuta, na ikiwa nje inatafuta pa kujificha. Himoglobini ikiwa imebeba oksijeni hakuna pa kujificha. Ikishaitoa, inabadilisha umbo kidogo, na kwenye mnyororo wa beta wa molekuli jirani panafunguka kijishimo ambamo valini inaingia sawasawa. Jirani naye ana valini yake. Zinashikana mmoja kwa mwingine hadi kuwa nyuzi. Hadubini ya elektroni imeonyesha kamba nene za nyuzi 14 zilizosokotana. Kamba hizo hukakamaa ndani ya seli na kuivuta iwe mundu. Seli ngumu hainyumbuki kwenye mishipa myembamba, inaziba njia, na mtoto analia usiku kucha akishika miguu. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya mtu wa SS huishi siku 10 hadi 20, ndiyo sababu damu haimtoshi. Kwa mtu wa AS molekuli za A ni nyingi kuliko za S na hukatiza nyuzi zisirefuke, hivyo kwa kawaida anaishi maisha yake bila kuugua.

Njia za siku hizi ni za kasi zaidi. Mwaka 2017 Jacques Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson walipewa Nobel kwa kugandisha molekuli ghafla kwenye barafu nyembamba kama kioo na kuzipiga picha kwa elektroni, bila kuhitaji fuwele. Na programu ya kompyuta iitwayo AlphaFold imekwisha kukisia maumbo ya protini zaidi ya milioni 200 kwa kusoma mpangilio wa punje tu. Ni msaada mkubwa, na mwanafunzi wa Gulu mwenye intaneti anaweza kuyafungua maumbo hayo bila malipo. Hata hivyo makisio ni makisio hadi mtu ayapime maabarani.

Kilichomgusa zaidi mpwa wangu kilikuwa himoglobini ya tatu. Mtoto tumboni hategemei sana A wala S. Anatumia zaidi F, ambayo badala ya beta ina mnyororo uitwao gama, usio na lile kosa. F hupungua taratibu baada ya kuzaliwa, na ndiyo sababu mtoto wa SS huonekana mzima miezi yake ya kwanza, kisha akifikia nusu mwaka vidole vinaanza kuvimba. Wengi wetu tumesikia kwamba mtoto "alirogwa" alipofika umri huo. Hakurogwa, F iliisha. Dawa ya haidroksiyurea huurudisha mwili kutengeneza F zaidi, na F ikichanganyika na S hukatiza nyuzi kama A inavyofanya. Jaribio lililofanyika Mulago kwa watoto wa Kiganda na wa makabila mengine, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017, lilionyesha kwamba dawa hiyo haikuwaongezea malaria, hofu iliyokuwa kubwa. Tiba mpya ya kuhariri jeni, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, nayo hufanya kazi kwa kuiamsha F. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa mama wa Bugembe maana ya leo iko kwenye haidroksiyurea, na nasema bila kusita kwamba inapaswa kupatikana kwenye kila zahanati inayotibu watoto hawa.

Mchumba wake, alipokuja naye, aliuliza swali la kiume la watu wa ukoo: S ilitoka wapi, na nani aliileta? Hakuna wa kulaumiwa. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha hesabu ya watoto 290 wa Kiganda kutoka maeneo ya kuzunguka Kampala. Kati ya watoto 43 waliobeba S, 12 walikuwa na vimelea vya malaria kwenye damu. Kati ya 247 wasioibeba, walikuwa 113. Mtoto wa AS anakingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali, kwa hiyo penye mbu wengi S ilidumu kizazi baada ya kizazi. Ndiyo maana iko chini sana kwenye vilima vya baridi vya Kigezi na juu huku kwetu Busoga na kaskazini. Utafiti uliopima damu iliyokauka ya watoto wadogo zaidi ya 97,000 kutoka wilaya zote, ukachapishwa mwaka 2016, ulikuta AS kwa asilimia 13.3 na ugonjwa wenyewe kwa asilimia 0.7.

Niliwapa hesabu yao pia, bila kuipamba. Kila mimba: nafasi moja kati ya nne ya AA, mbili za AS, moja ya SS. Na mimba ya kwanza haiikingi ya pili. Kura inapigwa upya kila mara. Walikwenda wakakaa nayo wiki kadhaa. Waliporudi walisema wanaoana, na kwamba kila mtoto atapimwa akizaliwa, asisubiriwe hadi avimbe vidole.

Wiki iliyopita wamepata mtoto wa kike. Muuguzi alimchoma kisigino, akadondosha damu kwenye duara za kadi, akaiacha ikauke. Kadi imeondoka na pikipiki ya kubebea sampuli, kwenda maabara Kampala, ambako himoglobini itawekwa kwenye jeli na kuvutwa kwa umeme hadi kila aina isimame mahali pake. Jana mama yake alinipigia simu.

"Shangazi, si mstari wa F ndio utakuwa mnene kuliko yote?"

"Ndiyo, mwanangu. Huo usikutishe wala usikupe raha. Angalia kilicho pembeni yake: A peke yake, A na S, au S peke yake."

"Nitakwenda na kalamu," akasema, "wanichoree."